Je, Wajua? Sauti Ifunguliwe Wapi: Simu, DAC au Amplifaya?

Je, wajua kwamba huenda una DAC tano au sita nyumbani na hujawahi kununua hata moja? Simu inayo. King'amuzi kinacho. Runinga, kompyuta mpakato, spika ya Bluetooth, hata ile redio ndogo ya kuchomeka flashi, zote zinazo. DAC ni saketi inayopokea namba na kutoa umeme unaopanda na kushuka. Amplifaya huukuza umeme huo, spika ikautia hewani. Bila DAC, wimbo ulio kwenye flashi ni tarakimu tupu. Kwa hiyo anayekwenda dukani kununua DAC ya pembeni ananunua ya ziada, akitumaini itaizidi ile aliyo nayo. Wakati mwingine inaizidi kweli. Lakini mara nyingi kinachomharibia muziki si DAC, ni vitufe vitatu vya sauti vinavyofanya kazi pamoja bila kupatana: cha programu, cha simu na cha amplifaya.

Je, wajua kuwa wazo la kuandika sauti kwa namba ni kongwe kuliko transista? Mwingereza Alec Reeves, akifanya kazi Paris katika maabara ya kampuni ya simu ya ITT, aliona kwamba sauti ikipimwa mara nyingi kila sekunde na kila kipimo kikaandikwa kwa namba, kelele za waya mrefu haziwezi tena kuichafua. Hataza yake ya Ufaransa ni ya mwaka 1938. Transista ilikuja 1947, kwa hiyo wazo lilikaa likisubiri vifaa.

Vita havikusubiri. Mwaka 1943 Wamarekani waliwasha SIGSALY, simu ya siri kati ya Washington na London iliyosafirisha maneno ya wakubwa kwa namba. Kituo kimoja kilikuwa na makabati takriban 40 na uzito wa tani 50 hivi. Cha London kiliwekwa chini ya duka la Selfridges, Oxford Street. Leo chipu ya milimita chache inafanya kazi nzuri zaidi ndani ya kebo ya simu.

Je, wajua kwa nini CD hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, na si 44,000 kamili? Sababu ni kanda za video. Wahandisi wa miaka ya 1970 hawakuwa na kitu kingine cha kuhifadhia namba nyingi kiasi hicho, wakazichora kama picha: vipimo vitatu katika kila mstari wa video. Kwenye video za Japani na Marekani walipata mistari 245 ya kutumia, mara 60 kwa sekunde, mara vipimo 3. Kwenye video za Ulaya, mistari 294 mara 50 mara 3. Piga hesabu zote mbili, jibu ni lile lile. Philips na Sony wakaliweka kwenye kanuni za CD mwaka 1980, na mpaka leo nyimbo tunazopakua zinabeba namba iliyotokana na mashine ya video. Watu wa filamu na televisheni walichagua 48,000. Ndiyo maana simu nyingi za Android hugeuza kila kitu kiwe 48,000 kabla ya kukitoa, upende usipende; ni kuanzia Android 14, ya mwaka 2023, ambapo mfumo wenyewe uliruhusu programu kuipelekea DAC ya USB namba zilivyo bila kuzigusa.

Kicheza CD cha kwanza cha Sony, CDP-101, kiliingia madukani Japani Oktoba 1, 1982, kikiwa na DAC moja tu iliyohudumia masikio mawili kwa zamu. Upande mmoja ulichelewa kwa sehemu 11 hivi za milioni ya sekunde. Katika muda huo sauti husafiri milimita 4 hewani. Ukisogeza spika yako wakati wa kufagia unaihamisha zaidi ya hapo.

Philips nao walikuwa na chipu ya biti 14 wakati CD inataka 16. Hawakukata tamaa: waliiendesha kwa kasi mara nne zaidi, wakaisukuma kelele kwenda juu kusikosikika, na wengi wakasifu sauti ya mashine zao kuliko za Wajapani.

Je, wajua kuwa zile picha za mawimbi yenye ngazi ngazi zinazowekwa kwenye matangazo ya DAC ni uongo? Eti sauti ya kidijitali hutoka ikiwa vidato, na kifaa cha bei kubwa hulainisha. Karibu kila DAC, hata ya bei poa, ina kichujio kwenye njia ya kutokea. Wimbi linalotoka kwenye tundu ni laini. Ukiliweka kwenye kioo cha kupimia umeme na kupitisha sauti ya kinanda, utaona mchirizi uliopinda vizuri bila ngazi yoyote. Duka linalokuonyesha vidato linataka hela yako.

Kila biti huongeza desibeli 6 hivi kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa inayoweza kuandikwa. Biti 16 ni viwango 65,536, desibeli 96. Biti 24 ni viwango 16,777,216, desibeli 144, ingawa hizo ni za kwenye karatasi, kwa sababu joto la vipuri lenyewe huleta mchakacho na hakuna saketi ya sebuleni inayofika huko. Na desibeli yenyewe ni sehemu ya kumi ya beli, kipimo kilichopewa jina la Alexander Graham Bell, yule wa simu.

Sasa tuingie kwenye sauti yenyewe, maana hapa ndipo nyumba nyingi zinapokosea.

Je, wajua kuwa kicheza CD na DAC nyingi za mezani hutoa hadi volti 2, wakati amplifaya nyingi za miaka ya 1970 ziliundwa zikitarajia volti 0.15 hadi 0.2? Wakati huo vyanzo vilikuwa redio na deki za kaseti, na hizo hazikuwa na nguvu. Tofauti ni mara kumi, yaani desibeli 20. Ndiyo maana ukichomeka DAC mpya kwenye amplifaya uliyorithi kwa baba, ukizungusha kitufe kidogo tu, hata robo ya mzunguko hakijafika, jirani ameshatoka nje. Kisha ukihamia kwenye kaseti unasikia mnong'ono. Amplifaya haijaharibika. Inamezeshwa umeme mwingi kuliko ilivyozoea.

Hilo lina madhara mengine yasiyosemwa. Kitufe cha kuzungusha ndani yake kina njia mbili za kaboni, moja ya kulia na moja ya kushoto, na mwanzoni kabisa mwa mzunguko hizo mbili hazilingani vizuri. Ukilazimika kusikiliza usiku kitufe kikiwa kimeinuliwa kidogo sana, mwimbaji anahamia upande mmoja wa chumba. Watu hununua spika mpya kwa tatizo hilo. Dawa yake ni kupunguza umeme kabla haujafika kwenye amplifaya: kuna pini ndogo za RCA (zile za waya wa nyekundu na nyeupe) zenye vizuizi ndani, zinazokata desibeli 10 au 20, au, kama DAC yako ina kitufe chake, ipunguze hapo mara moja kisha usiiguse tena. Baada ya hapo kitufe cha amplifaya kinafanya kazi katikati, mahali ambapo pande zote mbili zinalingana.

Na huo mzunguko si sawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Sikio halihesabu kama mita ya umeme. Ili tuseme sauti imekuwa mara mbili, inabidi iongezeke desibeli 10 hivi, na hizo ni wati mara kumi. Kwa hiyo kaboni ya kitufe cha sauti hupakwa kwa namna inayopanda polepole mwanzoni na haraka mwishoni. Fundi akikuwekea kitufe cha kawaida badala ya hicho, utajua siku hiyo hiyo: sauti inaruka yote mwanzoni, kisha nusu nzima iliyobaki haibadilishi kitu.

Amplifaya za gharama huachana na kaboni. Zinatumia swichi za sumaku, zile zinazosema tik-tik ukizungusha. Swichi sita tu zinatosha kutoa hatua 64.

Je, wajua kwamba ile hofu ya "ukipunguza sauti kwenye simu unapoteza ubora" ilikuwa kweli zamani, na leo karibu si kweli? Kupunguza kwa namba ni kugawanya. Kila desibeli 6 unazopunguza zinakula biti moja. Kwenye DAC ya biti 16, ukipunguza desibeli 24, muziki unabaki na biti 12, na hapo mchakacho unasikika. Lakini wimbo wa biti 16 ukipita kwenye DAC ya biti 24 una nafasi ya biti 8 tupu chini yake. Unaweza kushuka desibeli 48 kabla hujagusa biti hata moja ya wimbo, na chipu nyingi za sasa hufanya hesabu hiyo kwa biti 32.

Lakini bado nakuambia: fungulia simu au kompyuta juu, usikilize kwa kitufe cha amplifaya. Sababu si biti. Sababu ni kwamba waya na amplifaya zina kelele zao ambazo hazipungui unapopunguza simu. Ukituma umeme mdogo kisha ukaukuza kwa nguvu, umekuza na mvumo wa waya, na mchakacho wa saketi, na kila kilichoingia njiani. Ukituma umeme mkubwa, kelele inabaki chini. Simu juu, amplifaya chini. Kinyume chake ndicho kinachozaa ule mvumo unaosikika mtu akisimamisha wimbo.

Isipokuwa mambo mawili. La kwanza, namba hazina ghorofa ya juu zaidi. Ukiongeza besi kwenye programu ya simu wakati sauti iko kileleni, vilele vya wimbo vinakatwa kama nyasi, na hakuna DAC ya bei yoyote inayoweza kuvirudisha. Programu ya VLC nayo huruhusu kuvuka asilimia 100. Kila kinachovuka hapo ni hesabu ya kuzidisha, na wimbo uliokuwa umejaa tayari utaanza kukwaruza. Kwa filamu zenye mazungumzo ya chinichini inasaidia. Kwa muziki, iache kwenye 100. Na ukipenda besi, punguza simu kidogo kwanza ndipo uiongeze.

La pili ni la hatari. Kuna DAC zisizo na kitufe cha sauti kabisa, zinazotoa volti 2 muda wote, na kuna amplifaya za nguvu na spika zenye amplifaya ndani zisizo na kitufe pia. Ukiunganisha hizo mbili, wimbo wa kwanza utatoka kwa nguvu zote za mashine. Anayeponea hapo ni mwenye bahati; twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, haziponi. Kabla ya kuchomeka, tazama nyuma ya kifaa: palipoandikwa FIXED umeme haubadiliki, palipoandikwa VARIABLE unafuata kitufe. Katika mnyororo wote lazima kiwepo kitufe kimoja cha kupunguzia, na kiwe kimoja tu unachokigusa kila siku.

Kwa taarifa: kitufe cha sauti kinachofika 11 badala ya 10 kilikuwa kichekesho cha filamu ya This Is Spinal Tap ya mwaka 1984. BBC wakakiweka kweli kwenye iPlayer yao.

Je, wajua kwa nini sabufa haitoi kitu ukiiunganisha na runinga mpya kwa waya wa nyekundu na nyeupe? Kwa sababu matundu hayo nyuma ya runinga nyingi bapa ni ya kuingizia, yameandikwa AV IN, na ya kutolea yamefutwa. Kilichobaki ni tundu la mraba lenye kifuniko, limeandikwa OPTICAL au DIGITAL AUDIO OUT. Humo hautoki umeme. Unatoka mwanga mwekundu unaowaka na kuzima. Toshiba ndio walioutoa mwaka 1983 kwa ajili ya vicheza CD vyao, na jina lao bado limo ndani ya jina la tundu hilo, Toslink.

Hapo ndipo DAC inapokuwa lazima, si anasa. Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, utauziwa kidude cheusi cha ukubwa wa kiberiti: upande mmoja tundu la mwanga, tundu la waya wa duara na la umeme wa volti 5, upande wa pili pini mbili, nyekundu ya kulia na nyeupe ya kushoto. Watu wengi hukirudisha dukani siku ya pili wakidai ni kibovu. Mara nyingi si kibovu. Kwanza, ncha za kebo ya mwanga huja na vifuniko vidogo vya plastiki angavu ambavyo havionekani vizuri; usipovitoa, kebo haiingii hadi mwisho. Chomeka upande wa runinga pekee, utazame ncha ya pili: nyekundu ikionekana, mwanga umefika. Pili, ingia kwenye mipangilio ya sauti ya runinga, tafuta palipoandikwa Digital Output, ondoa Auto au Bitstream, weka PCM. Kidude hicho kinaelewa namba za kawaida tu. Runinga ikikipelekea Dolby Digital, ama kinanyamaza, ama kinatoa mchakacho wa kutisha, na chaneli moja itasikika huku nyingine ikikataa, jambo linalowafanya watu waamini kuwa ni waya.

Tatu ni rimoti. Sauti ikishatoka, rimoti ya runinga inakuwa haina kazi: unabonyeza, mstari unapanda kwenye kioo, sabufa haisikii habari. Runinga nyingi hutoa mwanga huo kwa kiwango kimoja, kwa kuwa zinategemea kitufe kiwe mbele ya safari. Baadhi zina mpangilio wa kubadilisha, nyingi hazina. Utatumia rimoti ya sabufa. Mwenye kifaa chenye HDMI ARC, iliyokuja na HDMI 1.4 mwaka 2009, ana nafuu, maana kebo hiyo hupitisha pia amri za rimoti na runinga ndiyo inayoiambia amplifaya ipande au ishuke.

Mwanga una faida nyingine ambayo mafundi wengi huitumia bila kuitangaza: haupitishi umeme. Ule mvumo mzito unaosikika hata wimbo ukisimama ni umeme wa ukutani, Hz 50 kwa Tanzania na Kenya, unaozunguka kupitia waya wa ardhi wa vifaa viwili vilivyounganishwa. King'amuzi chenye dishi ni mshukiwa wa kwanza, kwa sababu waya wa dishi unaleta ardhi yake kutoka nje. Chomoa waya wa dishi kwa dakika moja. Mvumo ukikoma, umempata mwizi, na kebo ya mwanga kati ya king'amuzi na DAC itammaliza. Kikisikika kilio chembamba badala ya mvumo, jaribu kwanza chaja nyingine ya volti 5.

Na tukikitaja king'amuzi: Tanzania ilipoanza kuzima matangazo ya analogi Dar es Salaam Desemba 31, 2012, na Kenya ikafuata 2015, kila nyumba iliyonunua king'amuzi ilinunua pia DAC, tena yenye pini za RCA mgongoni. Kabla ya kununua kidude cheusi, jaribu kuunganisha sabufa hapo moja kwa moja. Rimoti ya king'amuzi itapunguza sauti.

Usichomeke DAC kwenye tundu lililoandikwa PHONO. Hilo ni la sindano ya santuri, inayotoa sehemu chache tu za elfu ya volti. Saketi iliyo nyuma yake huzidisha umeme mara mia hivi na kupandisha besi makusudi, kwa sababu santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa. Volti 2 zikiingia humo utasikia ngurumo. AUX, CD, TUNER na TAPE zote ni sawa. Majina tofauti tu.

Je, wajua kuwa ile kebo fupi ya Type-C kwenda jeki ni DAC nzima? Au si DAC kabisa. Zipo za aina mbili na kwa macho hazitofautiani. Aina ya kwanza ina chipu ndani. Ya pili ni waya mtupu unaotegemea simu itoe umeme wa sauti kupitia Type-C, na simu nyingi hazifanyi hivyo; Samsung walipoondoa tundu la jeki kwenye Galaxy Note10 mwaka 2019, waya mtupu haukufanya kazi kwenye simu hiyo. Mwambie muuzaji akujaribishie kwenye simu yako mwenyewe, si yake.

Chipu hizo hutoka kwa kampuni chache mno. Oktoba 20, 2020 kiwanda cha Asahi Kasei Microsystems huko Nobeoka, Japani, kilishika moto uliowaka kwa siku tatu na zaidi. Watengenezaji wa DAC dunia nzima wakajikuta hawana chipu, modeli zikasimamishwa, nyingine zikachorwa upya kwa chipu za wapinzani. Kiwanda kimoja.

Wapenzi wa sauti bado wanasaka mashine ya michezo ya PlayStation ya kwanza kabisa, ile yenye pini za RCA mgongoni, waitumie kama kicheza CD. Haijawahi kuwa na kitufe cha sauti.

Je, wajua kwamba ukinunua DAC ya gharama ukaichomeka kwenye simu, kisha ukasikiliza kwa spika ya Bluetooth, hujaitumia hata sekunde moja? Bluetooth hupeleka namba. Kugeuza kunafanyika ndani ya spika, kwa DAC ya spika. Na hapo kuna vitufe viwili vinavyoweza kugombana: cha simu na cha kipokezi. Android ina mpangilio unaoviunganisha viwe kimoja. Ukiona sauti iko chini hata simu ikiwa kileleni, ingia Developer options, zima mpangilio huo, uitwao absolute volume, kisha ongeza pande zote mbili. Anza chini. Usijaribu ukiwa umevaa hedifoni.

Wati zina uongo wake. Ukihama kutoka wati 50 hadi 100 unapata desibeli 3, tofauti utakayoisikia kama hatua ndogo. Kuhusu zile PMPO elfu kumi na mbili zilizochapishwa kwenye boksi la sabufa, geuza kifaa, soma bamba la nyuma ambapo mtengenezaji huandika umeme kinaokula. Utakuta 40W, 60W. Mashine haiwezi kutoa muda wote zaidi ya inachokula. PMPO haina kanuni rasmi. Kila kiwanda kinaandika kinachokipendeza, na namba ya kutazama ni RMS.

Jambo linaloshangaza wengi: amplifaya ndogo inaweza kuunguza twita. Ikilazimishwa kupita uwezo wake hukata vilele vya wimbi, na kule kukata kunazalisha sauti nyembamba nyingi ambazo zote zinaelekea kwenye twita. Ukisikia mkwaruzo, punguza wakati huo huo. Usisubiri korasi iishe.

Kile kitufe cha LOUDNESS kina msingi wa kisayansi. Harvey Fletcher na Wilden Munson wa Bell Labs walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio hupoteza besi kwanza. Kitufe huirudisha. Kiwashe usiku unaposikiliza chinichini, kizime mchana unapofungulia. Kukiacha kimewaka wakati wote ndiko kunakozifanya sabufa za mtaani zote zilie mdundo mmoja.

Spotify husawazisha nyimbo kwa LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) hasi 14, na televisheni za Ulaya hufuata hasi 23 tangu kanuni ya umoja wa watangazaji wa huko, EBU, ya mwaka 2010. Kuhama kutoka runinga hadi simu kwenye amplifaya ile ile kunakushtua kwa sababu hiyo, si kwa sababu DAC moja ni bora. Hapa ndipo watu wanapodanganyika wanapolinganisha vifaa: iliyo juu kwa desibeli moja au mbili karibu kila mara husifiwa kuwa "safi zaidi". Muuzaji anajua. Akikujaribishia DAC mbili, mwambie asawazishe sauti kwanza, ikibidi kwa programu ya kupima desibeli ya simu, uone kama bado utaitaka ile ya bei.

Shirika la Afya Duniani linasema masikio yanahimili desibeli 80 kwa saa 40 za wiki. Kwa desibeli 90 ni saa 4 tu, wiki nzima. Programu hiyo hiyo ya simu itakupa makadirio. Iweke mahali unapokaa, usiiweke mdomoni mwa spika.

Kitufe kinachokwaruza ukikizungusha kina vumbi ndani. Zima umeme, puliza dawa ya kusafishia kontakti, zungusha mara kadhaa huku na huku, subiri ikauke. Kikiendelea kukwaruza, kibadilishwe, na mwambie fundi akuwekee cha sauti, sio cha kawaida.

Na wakati wa kuwasha, anza na runinga au kompyuta, kisha DAC, amplifaya iwe ya mwisho kitufe kikiwa chini. Wakati wa kuzima, amplifaya iwe ya kwanza. DAC nyingi hutema umeme zinapowashwa na kuzimwa, na ule mshindo wa "pu!" unaousikia kila asubuhi ni spika zako zinaupokea.